Ni kabati, mwanangu

Najua nimeadimika. Kuna mliouliza kama nimeacha uandishi nikaenda kulima matikiti, maana kijana wa mjini akinyamaza siku hizi tafsiri ni mbili tu: matikiti au kuku. Hapana, nipo. Nilikuwa nimekwama kwenye makabati.

Msicheke. Kisa chenyewe ni cha mwisho wa mwaka 2023 na nimekaa nacho muda mrefu kwa sababu kinaniaibisha. Lakini juzi kuna mshikaji alikuwa ananihadithia jinsi atakavyoingiza mzigo wake wa samani "kwa akili", nikajikuta nimenyamaza kama mtu aliyemeza ndimu. Nikasema bora niandike.

Shangazi yangu ana shule ya awali hapa Mikocheni, mitaa ya nyuma ya barabara ya Mwai Kibaki, ile ambayo wengi wetu bado tunaiita Old Bagamoyo. Si shule kubwa. Ni nyumba ya kupanga yenye vyumba vinne, mwembe mmoja, bembea mbili, na watoto sitini na kitu ambao ikifika saa nne asubuhi utadhani ni elfu sita. Shangazi alikuwa mwalimu wa serikali mpaka alipostaafu, na shule hii ndiyo pensheni yake, ndiyo kiinua mgongo chake, ndiyo kila kitu.

Tatizo la shule lilikuwa mabegi. Kila mtoto anakuja na begi, chupa ya maji, sweta na kiatu kimoja cha ziada (sijui kingine huwa kinabaki wapi). Vyote vinalala sakafuni kwenye korido. Mnaijua Mikocheni mvua ikinyesha. Zile mvua za mwishoni mwa 2023 maji yaliingia mpaka kwenye korido, mabegi yakaelea, na wazazi wakaja juu. Shangazi akaamua: mwaka mpya wa shule, Januari, kila mtoto awe na kishubaka chake kwenye kabati, chenye picha ya mnyama, ili hata asiyejua kusoma ajue kwamba yule twiga ni wake.

Uamuzi wenyewe alikuwa ameufanya muda mrefu kabla ya mvua, tangu katikati ya mwaka. Kuna mama mmoja wanayecheza naye kikoba ambaye hupeleka watu China na kuleta mizigo kwa kontena la kuchangia. Huyo mama alimwonyesha picha kwenye simu: makabati meupe ya vishubaka kutoka Foshan, mji wa kule mkoa wa Guangdong unaojulikana sana kwa samani. Yanakuja yamefunguliwa, bapa, kwenye maboksi. Unayafunga mwenyewe huku. Shangazi akachukua mkopo wa kikoba, akaongeza na akiba yake, akaagiza. Makabati ya vishubaka, ya vitabu, na kabati moja la chuma la kuwekea mafaili ya wanafunzi.

Hapo ndipo mimi nilipoingia.

Wakala wa forodha alikuja shuleni Jumamosi moja. Kijana mchangamfu, shati limenyooka, simu mbili. Akakaa kwenye kiti cha mtoto (ndivyo vilivyokuwepo) akamwambia shangazi: "Mama, tukiandika makabati utalia. Samani siku hizi zimekaa vibaya. Lakini huu mzigo umefunguliwa, sivyo? Basi kabati liko wapi? Mimi naona mbao tu." Kisha akanigeukia. "Kaka, wewe si mwandishi? Tusaidie maneno."

Nikasaidia. Niliandika kwa mkono wangu: vipande vya mbao vilivyokatwa na kupakwa rangi, pamoja na viungio vyake. Naomba muone ufundi wenyewe. Hakuna neno la uongo pale. Vilikuwa vipande, vilikuwa vya mbao, vilikatwa, vilipakwa rangi. Nilijisikia mjanja kweli. Wakala alisema tungeokoa karibu nusu ya kodi. Shangazi alisoma karatasi ile mara mbili, akavua miwani, akaniuliza: "Baba, hivi ndivyo inavyoandikwa?" Nikamjibu: "Ndivyo, shangazi."

Sasa turuke mpaka Novemba. Mzigo umefika, umepelekwa bandari kavu moja, na mfumo umeuchagua ukaguliwe kwa macho. Tukaitwa. Shangazi akavaa gauni lake la kanisani, tukapanda bajaji mpaka Morocco, kutoka pale daladala, foleni kama kawaida, mpaka tumefika jua limeshakuwa kali.

Afisa wa forodha alikuwa kijana wa rika langu. Akamwamkia shangazi vizuri, "Shikamoo mama," akamtafutia kivuli. Boksi la kwanza likafunguliwa. Ndani kulikuwa na mbao nyeupe, kifuko cha skrubu na bawaba, na karatasi ya maelekezo. Na juu ya boksi, jamani, ubavuni, kulikuwa na picha kubwa ya rangi ya kabati lililokwisha kufungwa, na katoto ka Kichina kanaweka begi ndani huku kanatabasamu.

Afisa akaangalia karatasi yetu. Akaangalia boksi. Hakupandisha sauti. Akamuuliza shangazi, si mimi: "Mama, hii picha ni ya nini?"

Wakala akafungua mdomo. Mimi pia nikafungua mdomo. Lakini shangazi alishajibu.

"Ni kabati, mwanangu."

Miaka yote aliyofundisha watoto kutaja vitu kwa majina yake. Mlitaka aseme nini?

Nawaambia ukweli, nilitamani ardhi ya Dar es Salaam inimeze. Kukamatwa ni jambo moja. Lakini mle ndani mwa kontena kulikuwa na watu wanne, na aliyesema jina la kitu kile bila kuzungukazunguka alikuwa mmoja tu, naye ndiye aliyekuwa na cha kupoteza.

Afisa akatueleza, na baadaye nilikwenda kusoma mwenyewe, maana mwandishi akishindwa hubaki na kusoma. Nchi zaidi ya 200 na maeneo ya forodha duniani zinatumia orodha moja ya kuita bidhaa majina, inayosimamiwa na Shirika la Forodha Duniani, makao yake Brussels. Ilianza kutumika Januari 1, 1988, na kila baada ya miaka kadhaa inapitiwa. Toleo tulilokuwa nalo ni la 2022. Kila kitu kinachovuka mpaka, kuanzia punda mpaka satelaiti, kina namba. Samani ziko sura ya 94. Viti ni 9401. Samani za hospitali, vitanda vya upasuaji na kadhalika, ni 9402. Samani nyingine zote, makabati yakiwemo, ni 9403.

Na kuna kanuni sita za kutafsiri orodha hiyo. Ya pili, kipengele chake cha kwanza, inasema kitu kikiletwa kimefunguliwa vipande vipande kinahesabiwa kama kitu kizima. Kwa hiyo ule ujanja wangu wa "vipande" watu wa Brussels walishauona tangu kabla mimi sijazaliwa. Walijua atakuja kijana mmoja wa Mikocheni na kalamu yake, wakamwekea kanuni.

Kilichonishangaza ni jinsi kitabu kile kinavyofikiri. Nilitegemea lugha ya kisheria ya kukutoa jasho. Kumbe maswali yake ni ya kawaida kabisa, kama maswali ya mtoto wa shangazi. Hiki kitu kinasimama wapi? Kimetengenezwa na nini? Kinatumika chumba gani?

Kuhusu kusimama: samani ni kile kilichotengenezwa kisimame chini, sakafuni au ardhini. Lakini makabati, rafu za vitabu na vitu vya namna hiyo vimesamehewa sharti hilo. Hata ukilitundika kabati ukutani, hata ukilipandisha juu ya jingine, bado ni samani. Kioo kirefu cha kusimama chini, kile cha kujiangalia ukivaa, si samani. Kimepelekwa sura ya vioo, namba 7009. Kabati la kuonyeshea soda za baridi dukani nalo si kabati, ni friji, 8418. Sefu ya fedha ni 8303. Kabati la kuchezea wanasesere ni mchezo wa watoto. Na lile kasha la bibi kizaa bibi la Unguja, kama limepita miaka 100, linaacha kuwa samani na kuwa kitu cha kale, 9706. Yaani sanduku lenyewe halikubadilika hata msumari, umri tu umelihamisha sura.

Kisha vyumba. Samani za mbao za ofisini ni 9403.30, za jikoni 9403.40, za chumbani 9403.50. Nyingine za mbao, zisizokuwa za vyumba hivyo, ni 9403.60. Za chuma za ofisini ni 9403.10, na za chuma nyingine ni 9403.20. Makabati yetu ya vishubaka yakaangukia kwenye 9403.60: ya mbao, si ya ofisi, si ya jikoni, si ya kulalia.

Nilifikiria sana lugha yetu hapo. Sisi tuna kabati tu. Kabati la nguo, kabati la vyombo, kabati la mafaili, kabati la jikoni, hata lile la dawa juu ya sinki. Wazee walikuwa na almari, walikuwa na kasha, na droo waliiita mtoto wa meza, jina ambalo mimi nalipenda kuliko vyote. Lakini mtu wa leo Sinza au Temeke akisema kabati, unasubiri amalizie sentensi ndipo ujue anasema nini. Forodha haisubiri. Kinachotamkwa kwenye fomu ndicho kinacholipiwa.

Mzozo wetu wa pili ulikuwa juu ya lile kabati la chuma. Wakala, ambaye hakuwa amekata tamaa, akasema hilo ni la mafaili, na kuna namba yake ya pembeni kabisa, 8304, nje ya sura ya samani. Ni kweli ipo. Lakini afisa alimweleza kwamba 8304 ni ya vile vijisanduku vya chuma na trei za karatasi za kukaa mezani. Kabati la droo nne linalosimama sakafuni na kumfikia shangazi mabegani ni samani ya ofisi. Akamwambia: "Kaka, likisimama juu ya meza ya nani hili?" Hata shangazi alicheka. Mimi sikucheka.

Sasa hesabu, maana najua mnaisubiri. Nitazungusha namba ili ziende sawa. Chukulia mzigo mpaka unafika bandarini, yaani bei yake, nauli ya meli na bima, ni shilingi milioni 10.

Kwanza ushuru wa forodha. Tangu Januari 2005, Umoja wa Forodha wa Afrika Mashariki ulipoanza, tuna viwango vya pamoja: malighafi asilimia 0, bidhaa za katikati asilimia 10, bidhaa zilizokamilika asilimia 25. Mei 2022 mawaziri wa jumuiya walikutana Mombasa wakakubaliana kuongeza ngazi ya nne, asilimia 35, ikaanza Julai 1, 2022. Iliwekewa bidhaa ambazo inaonekana tunaweza kujitengenezea wenyewe, na samani zimo. Kwa hiyo milioni 3.5.

Pili, ushuru wa bidhaa. Watu wengi hudhani huu ni wa bia na sigara tu. Samani kutoka nje nazo zinaulipa. Bajeti ya 2016/17 iliupandisha kutoka asilimia 15 kwenda 20. Unapigwa juu ya mzigo pamoja na ushuru uliotangulia. Milioni 13.5, asilimia 20 yake ni milioni 2.7.

Tatu, VAT, asilimia 18 ya jumla yote hiyo, milioni 16.2. Hiyo ni 2,916,000.

Jumlisha: 9,116,000. Bado tozo ya reli, bado ada ya forodha, bado wakala, bado gari. Kwa kifupi ukinunua kabati moja unalilipia karibu mara mbili. Mbao za kawaida hazigusi ule ushuru wa bidhaa wa samani, na hapo ndipo wakala alipokuwa ameona mwanya wake.

Kuna adhabu pia. Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Afrika Mashariki ya 2004 inasema mtu akitoa tamko la uongo anaweza kufungwa mpaka miaka 3 au kutozwa faini isiyozidi dola 10,000. Nilipoisoma hiyo nilikaa kitandani nikanyamaza. Karatasi ilikuwa na mwandiko wangu, lakini tamko lilikuwa kwa jina la shangazi. Mwanamke aliyenilipia ada ya kidato cha tano na sita.

Hatukufika huko. Sheria inaruhusu mtu akiri kosa kwa maandishi, alipe, mambo yaishie palepale, na ndivyo ilivyokuwa. Shangazi akaandika kwa mwandiko wake wa ubaoni, herufi zimekaa juu ya mstari kama wanafunzi wa paredi. Akalipa kodi yote, akalipa faini, akalipa na gharama za kuhifadhi mzigo zilizokuwa zinaongezeka kila siku wakati sisi tunatafuta fedha. Nilichangia mshahara wa mwezi mmoja na nusu. Aliupokea bila kusema kitu, na kwa Mhaya kama yeye hilo lina uzito wake.

Hapa ndipo panaponiuma zaidi, kwa hiyo nipaseme.

Mwaka 2018 ndiyo kwanza nilikuwa naanza uandishi. Wengi mnakumbuka yale makontena 20 ya aliyekuwa Mkuu wa Mkoa wa Dar es Salaam, Paul Makonda. Samani tena! Meza, viti na vifaa vingine kwa ajili ya ofisi za walimu, vilivyotoka kwa Watanzania walioko Marekani. Mamlaka ya Mapato ilidai kodi ya kama shilingi bilioni 1.2, mzigo ukafikia kupigwa mnada, na Waziri wa Fedha wa wakati ule, Dk. Philip Mpango, akasimama kwenye sheria. Mwishoni mwa Agosti, akiwa Chato, Rais Magufuli akasema hadharani kwamba kodi ilipwe. Nchi nzima ilizungumza samani. Hata kwenye daladala watu walikuwa wanabishana kuhusu msamaha wa kodi kama wanabishana Simba na Yanga.

Na mimi nilikuwa na mdomo! Niliandika kwa ukali: kodi ni kodi, awe mkubwa awe mdogo, hata kama viti ni vya walimu. Kabla ya hapo, Novemba 2015, Waziri Mkuu Majaliwa alipoibuka bandarini na kukuta makontena 349 yamepita bila kulipiwa kodi ya shilingi bilioni 80, nilikuwa mwanafunzi, nikashangilia bwenini mpaka koo likakauka. Miaka minane baadaye nikakaa kwenye kiti cha mtoto wa chekechea, nikatunga "vipande vya mbao vilivyokatwa na kupakwa rangi".

Najitetea mara nyingi kichwani. Nasema shangazi si mkuu wa mkoa. Nasema ni vishubaka vya watoto, si biashara ya kifahari. Nasema asilimia hizo zote ni nyingi, na kwa kweli naamini ni nyingi. Lakini hata yale makontena yalikuwa ya walimu. Kila mtu mwenye mzigo ana sababu nzuri, na kitabu cha ushuru hakiulizi sababu, kinauliza kinasimama sakafuni au hakisimami. Siku ile ya 2018 nililiona jambo hilo wazi kwa sababu mzigo haukuwa wangu.

Halafu kuna suala la fundi. Makabati yalipofika Mikocheni tulihitaji mtu wa kuyafunga, maana maelekezo yalikuwa ya Kichina na picha. Nikaenda Keko kumtafuta. Asiyeijua Keko, ni kule Temeke, mafundi seremala wamepanga kazi zao barabarani, vitanda, sofa na makabati ya vyombo yenye vioo, vumbi la mbao limetanda. Nikampata mzee mmoja mpole, akaja na mwanawe.

Aligonga ubao mmoja kwa kidole. "Huu ni unga wa mbao umegandishwa," akasema. "Mama, hakikisha maji hayafiki hapa chini. Ukilowa unavimba kama andazi." Mimi na shangazi tukaangaliana. Kumbuka ni kwa nini tulinunua makabati: maji kwenye korido.

Nikamuuliza, je, wewe ungetutengenezea haya kwa kiasi gani? Akapima kwa macho, akahesabu na mwanawe, akataja bei. Ilikuwa chini ya tulicholipa. Si chini ya bei ya China, la. Chini ya bei ya China pamoja na kodi, faini na siku zile za bandari kavu. Maana yake ule ushuru ulifanya kazi yake sawasawa: uliwekwa ili mtu kama shangazi aone ni nafuu kwenda Keko.

Sasa kwa nini hakwenda? Nilimuuliza jioni ile. Akaniambia mwaka mmoja aliwahi kumpa seremala malipo ya awali ya meza kumi, akaambiwa "njoo Jumatano". Akaenda Jumatano nyingi. Meza zilikuja mwaka uliofuata, mbao mbichi, zikapinda. "China walinipa tarehe," akasema, "na tarehe wakaitimiza."

Nilimpelekea mzee yule maneno hayo, kwa adabu. Hakukasirika. Alisema mbao kavu ni ghali, anayetaka kazi haraka anapata mbao mbichi. Umeme ukikatika mashine zinalala. Na bawaba, na reli za droo, na vitasa, na hata zile mbao za unga, vyote ananunua dukani vilivyotoka nje, navyo vimelipiwa ushuru wake. "Wananilinda mlangoni," akasema, "dirishani wananidai." Sijui kama mawaziri waliokutana Mombasa wamewahi kuisikia hiyo, lakini naiweka hapa.

Kwa hiyo mimi sina hitimisho la kiuchumi. Wapo wachumi humu, watusaidie. Naona ushuru una hoja na naona fundi ana hoja na naona shangazi ana hoja. Ninachoweza kuwaambia ninyi mnaopanga kuagiza ni mambo machache ya kawaida. Pigeni hesabu ya kodi kabla ya kulipia mzigo, si baada. Kama hamna uhakika kitu chenu kinaitwaje, sheria inaruhusu kuomba uamuzi wa forodha kwa maandishi kabla mzigo haujaja. Na kama mmepewa namba mnayoona si sahihi, mna siku 30 za kuomba Kamishna aupitie upya uamuzi huo. Naye ana siku 30 za kujibu, na akikaa kimya muda ukapita, sheria inahesabu kwamba amekubaliana na wewe. Hiyo ni njia ya kubishana ukiwa umesimama wima. Sisi tusingeweza kuitumia, kwa sababu ya kubishana hatukuwa nayo. Lilikuwa kabati.

Januari shule ilifunguliwa. Makabati yamepandishwa juu ya matofali, mzee wa Keko alisisitiza hivyo, na mvua zilizofuata hazikuyafikia. Kila mtoto ana mnyama wake. Nilipopita wiki ya kwanza kuna mmoja alikuwa analia kwa sababu amepewa fisi, na shangazi alikuwa amepiga magoti mbele yake anamweleza kwamba fisi naye ni mnyama, ana jina lake, na hakuna ubaya wowote kuwa fisi.

Karatasi za forodha amezihifadhi kwenye lile kabati la chuma, droo ya juu. Siku moja nilimwomba msamaha rasmi, maana nilikuwa sijawahi. Alikuwa anasahihisha madaftari, hakuinua kichwa. Akasema: "Ulinijibu 'ndivyo, shangazi'. Ungesema 'sijui', tungeuliza."

Basi. Ndiyo nilikokuwa. Tuonane wiki ijayo, na mshikaji wangu yule mwenye mzigo wa "akili", kaka, nipigie simu kabla hujasaini.